Pilipili Iliyobaki Jiweni

Wake wa wanangu wananisema. Hawanisemi usoni, maana wana adabu, lakini masikio yangu hayajazeeka kama miguu yangu. Wanasema bibi haoshi jiwe lake la kusagia. Wanasema uji wa ulezi anaowapikia wajukuu asubuhi unawasha ulimi kwa sababu jana yake alisaga pilipili hapo hapo, na badala ya kulikosha jiwe kwa maji, alilifuta kwa kiganja na kuliegemeza ukutani. Mmoja wao, yule anayejifanya kunitetea, anasema ni macho tu, bibi haoni tena uchafu. Naona vizuri sana. Nimewaacha waseme kwa sababu kueleza kunataka muda, na wao kila nikianza kueleza jambo wanakumbuka kwamba wameacha chungu motoni. Kuandika nilijifunzia misheni nikiwa tayari na mtoto mgongoni, kwa hiyo nitaandika.

Nianze na pilipili yenyewe. Siku hizi wanaiita chachandu, wanaikaanga kwa mafuta na vitunguu, na wanatumia nyanya kubwa za bustani ambazo ukizikata zinatoa maji kuliko nyanya. Sisi tuliita pilipili ya nyanya, basi. Nyanya zetu zilikuwa ndogo, unaweza kuficha nne ndani ya ngumi ya mtoto, na hakuna aliyezipanda. Ziliota jalalani, nyuma ya nyumba, na pembeni mwa majaruba ya mpunga. Pilipili nazo ziliota kwenye uzio, zimeletwa na ndege. Mama alizifukia nyanya kwenye majivu ya moto mpaka ngozi ipasuke, akazipuliza, akaziweka kando zipoe. Kwanza alisaga chumvi pamoja na pilipili. Chumvi yetu tuliipata kwa kuchoma majani ya bwawani: majivu unayaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, unayamwagia maji polepole, na yale yanayodondoka unayachemsha mpaka yakauke. Ilikuwa chumvi ya kijivu, chungu kidogo, lakini iliishika pilipili isikimbie jiweni. Baada ya hapo ziliingia nyanya, moja moja. Mwisho kabisa karanga za kukaanga, konzi moja. Ukizitanguliza karanga, mafuta yake yanazitelezesha nyanya na mbegu zinabaki nzima, na mama hakuweza kuvumilia kuona mbegu nzima.

Sasa jiwe. Mgeni akifika bonde letu haoni haraka kwamba hatuna mawe. Kutoka mto Lumemo mpaka mto mkubwa wa Kilombero ni tope, mchanga na majani. Jiwe la kusagia lilitoka mbali, chini ya milima, na la mama lililetwa na baba kwa mtumbwi alipomwoa. Alilipandisha mtoni, akalibeba kichwani kuanzia ukingoni hadi mlangoni kwa bibi yangu, na shingo ikamuuma mwezi mzima. Alipenda kuusimulia mwezi huo, na kila mwaka shingo ilizidi kuuma. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na jiwe moja, na jiwe hilo moja ndilo lililosaga unga, karanga, dawa ya mtoto na pilipili. Mwanamke akishasaga pilipili aliliosha kwa maji, kisha akasaga juu yake konzi ya pumba ili ivute ule ukali uliojificha kwenye vishimo, na pumba hiyo akawatupia kuku. Kuku wa bondeni walizoea.

Baba alikuwa mvuvi. Alikula pilipili mpaka jasho likasimama puani, na alipomaliza alilifuta bakuli kwa kidole, akizungusha taratibu, mpaka mama akamwuliza watoto wataosha nini. Akajibu kwamba anawapunguzia kazi. Walirudia maneno hayo hayo karibu kila siku, na mimi nilicheka kila siku. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Lakini mtu aliyelifuta bakuli kwa kicheko alianza kula kimya. Akida wa Mjerumani alimtaka kwenye shamba la pamba wakati samaki wanapanda, na nyavu zikaoza juu ya kichanja. Kisha wakamtaka abebe mizigo mpaka bomani Mahenge. Aliporudi mara ya pili alilala kifudifudi siku nne, na mama akawa anamkanda mgongo kwa maji ya moto huku akitutuma nje. Nilichungulia. Sitaandika nilichokiona, ila tangu siku ile nikisikia mtu akisema Mjerumani alituletea utaratibu, naondoka nikachote maji.

Dawa ya vita, ile ya maji, ilipofika kwetu, baba hakuhitaji kubembelezwa. Mjumbe aliyeileta alitoka upande wa mashariki. Wanaume walikwenda mtoni, wakanyweshwa yale maji, wakamwagiwa kichwani, na wakaambiwa risasi za Mjerumani hazitawafanya kitu. Wakapewa na miiko. Wasichukue mali ya mtu. Wasilale na wake zao. Wakae pamoja kambini, ng'ambo ya Lumemo, mpaka siku ya kwenda. Na chakula chao kisiguswe na pilipili, maana pilipili huamsha damu, na damu ikiamka dawa inatoka. Mahali pengine sijui waliambiwa nini. Kwetu waliambiwa hivyo. Mke alipika nyumbani bila kuonja, wala yeye mwenyewe hakukipeleka chakula. Kilipelekwa na binti mdogo. Kwetu binti alikuwa mimi.

Siku ile ile mama aliliosha jiwe mara mbili na kulisagia pumba mara mbili. Akasema, "Kuanzia leo pilipili isiguse jiwe hili mpaka baba yako arudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umenisikia, au umeniitikia tu?"

"Nimekusikia, mama."

Nilimsikia. Kwa siku tano nilikula ugali na kambale mkavu, bila kitu, na siku ya sita mama akaenda kuokota kuni na mtoto mgongoni. Nimejaribu miaka yote hii kuipamba ile siku, niseme nilikuwa na njaa, niseme nilisahau. Sikuwa na njaa na sikusahau. Nilikuwa na hamu tu. Muhogo ulikuwa unaivia kwenye majivu, nyanya zilikuwa zimeiva pale nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa mtoto wa baba yangu. Nikafukia nyanya tano. Nikachuma pilipili tatu. Nikapiga magoti kwenye jiwe la mama, nikasaga kama yeye, chumvi kwanza, na nikala na muhogo mpaka machozi yakanitoka kwa utamu.

Nikasikia sauti ya mama akimbembeleza mtoto njiani. Sikuwa na maji karibu. Nililifuta jiwe kwa kiganja, nikaramba kiganja, nikaliegemeza ukutani lilipokuwa.

Mama alitupa kuni chini, akanipa mtoto. "Tufanye haraka," akasema. "Wanaondoka alfajiri. Chakula cha leo ndicho cha mwisho." Akalilaza jiwe, akamimina ulezi juu yake, akaanza kusaga. Kwa nini aoshe? Alikwisha kuliosha, na alikwisha kunikataza. Nilisimama mlangoni na mtoto mikononi nikaona unga ukitoka, mwekundu mwekundu kama ulezi wowote.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

"Mtoto anataka kunyonya."

"Amenyonya sasa hivi. Mbebe." Akaendelea kusaga.

Ndivyo nilivyosema. Kama kuna siku ningependa kurudishiwa, nisingechagua siku ya harusi yangu wala siku niliyojifungua kwa mara ya kwanza. Ningechagua dakika ile mlangoni.

Nilivuka Lumemo na bakuli kichwani. Wanaume walikaa makundi makundi, kila mmoja na chakula cha kwake. Nilipiga magoti mbele ya baba, nikaweka bakuli chini, nikamnawisha. Alikuwa amefungwa kitu cha dawa kichwani na hakufanana sana na baba. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akatoa kitu kidogo kwenye mdomo wa chini kwa ncha ya kidole, akakitazama. Ilikuwa mbegu ya nyanya.

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na pilipili kwenye kucha, na midomo yangu ilikuwa bado imevimba kidogo.

Kijana mmoja jirani, aliyekaa karibu naye, akanyoosha mkono akamega tonge kwenye bakuli letu kama tulivyozoea, akala, akakohoa. Akafungua mdomo aseme neno. Baba akacheka, akamgonga mgongoni, akamwambia, "Ugali wa moto huo, pole pole." Akalivuta bakuli upande wake, akala lote. Jasho likasimama puani. Alipomaliza akaanza kulifuta kwa kidole, akizungusha taratibu, na aliendelea kuzungusha hata lilipokuwa halina kitu.

"Mwambie mama yako nimeshiba," akasema. "Sema nimeshiba sana."

Njiani nilishuka mtoni nikaliosha lile bakuli kwa mchanga, mara nyingi. Nyumbani nikasema, "Baba amesema ameshiba," nikaenda kulala kabla jua halijazama. Asubuhi, nilipoamka, mama hakuwepo. Alirudi jua likiwa limeshapanda kidogo, kanga ya kujifungia imelowa mpaka magotini, akasema hatutakunywa uji leo, tutakula muhogo. Unga uliobaki sikuuona tena. Sikuuliza.

Mambo ya Mahenge yanajulikana, na mimi sikuwepo. Walirudi wachache, wawili leo, mmoja keshokutwa, wengine wakitambaa. Walisema wazungu walipandisha juu ya boma bunduki zinazotema risasi bila kupumzika, na watu wetu walikwenda wima, wakiamini. Baba alianguka mapema. Mume wa shangazi yangu, dada yake baba, alianguka hatua chache kutoka kwake. Kijana yule jirani alirudi na mkono mmoja umevunjika.

Watu wakaanza kutafuta sababu. Nisiwalaumu. Mtu aliyempoteza mume kwa sababu dawa haikuwa dawa amebaki na nini? Ni afadhali kuwe na mwiko uliovunjwa na mtu aliyeuvunja, mahali fulani, katika nyumba fulani. Yule kijana, akiwa na homa, akasema kwamba chakula cha mwisho cha baba kilikuwa kinawasha.

Shangazi alikuja mchana, amefunga kiuno kwa msiba, sauti imemkauka kwa kulia. Hakukaa. Alikuwa ameshinda kwetu tangu nizaliwe, ndiye aliyeninyoa nywele za kwanza, na siku ile alisimama uani kama mtu aliyepotea njia.

"Wifi," akasema, "nakuuliza mara moja. Chakula cha kaka yangu kilikuwa na nini?"

Mama alikuwa amekaa chini ananyonyesha. Akamhamisha mtoto titi la pili.

Shangazi akageuza macho, akanitazama mimi. "Wewe ndiye uliyekipeleka," akaniambia.

"Jiwe sikuliosha, wifi," mama akasema haraka. "Nilisaga pilipili na sikuliosha. Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kuinua mkono nikamgusa bega. Nilifunga mdomo, na nilipoufunga nilihisi nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyonisumbua kuliko yote baadaye. Nilidhani mama anaamini. Nilidhani amejihesabia kwamba ile siku ya kwanza hakuliosha jiwe sawasawa. Nikamwacha aamini.

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. "Nitakakokwenda usinifuate," akasema. "Wala wewe wala watoto wako." Akaondoka, na wanawake waliokuja naye wakaondoka.

Neno lile lilikuwa zito kuliko tulivyojua siku ile. Askari walipofika bondeni walichoma kila kitu kinachoweza kushika moto: nyumba, maghala, mpunga uliokuwa umewekwa akiba, hata mitumbwi. Watu wakakimbilia milimani, upande ambao leo ni Kisawasawa na juu yake, ukoo kwa ukoo. Ukoo wa baba ulikuwa umeficha mtama msituni kabla, na mama alijua walipouficha. Hatukwenda. Tulikaa peke yetu kwenye korongo, mama, mimi na mtoto, tukila mizizi ambayo unaichemsha na kumwaga maji mara tatu isikuue.

Maziwa ya mama yalikauka. Mdogo wangu alilia siku nyingi, kisha akawa halii, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba amezoea. Alikufa asubuhi moja mama amempakata. Tulichimba kwa kigae na mikono. Udongo wa pale una mawe, mawe mazuri ya kusagia, na mama aliyatoa moja moja akayapanga kando, halafu akayarudisha juu.

Nilitaka kusema siku ile. Niseme, mama, twende kwa shangazi nikamwambie ni mimi, wewe watakupokea. Nilikuwa na maneno yote. Lakini niliogopa kwamba nikisema mama ataniacha pale korongoni na kwenda zake. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kuogopa jambo kama hilo hata kwa mama aliyempa mzizi mkubwa kila siku na yeye akala mdogo. Nikanyamaza tena. Sasa nilikuwa na vitu viwili vya kunyamazia.

Tuliporudi bondeni hatukuitambua nyumba kwa nyumba. Tuliitambua kwa nyanya. Kila mahali palipokuwa na nyumba paliota nyanya, kwenye majivu, kwenye majalala, nyingi kuliko zilivyowahi kuota watu walipokuwepo, na ukisimama mbali ungeweza kuhesabu nyumba zilizokufa kwa mafungu ya nyekundu. Katikati ya fungu letu lilikuwepo jiwe, jeusi kwa moshi, halikupasuka. Mama alilikalia akapumzika. Halafu akachuma nyanya, akazichoma, akanilisha kwa mkono wake. Mti wa pilipili ulikuwa umechipua upya kwenye mabaki ya uzio, na pilipili nyekundu tele. Aliutazama, akauacha.

Tangu hapo mama hakusaga pilipili tena. Jiwe alilisagia nafaka tu, na kila asubuhi aliliosha hata kama lilikuwa safi. Shangazi alirudi na watoto wawili kati ya watano, akajenga mashamba mawili kutoka kwetu. Walipokutana njiani mama alikuwa wa kwanza kupiga magoti na kusalimia, na shangazi alipita. Ilikuwa hivyo mpaka shangazi akafa. Mama alikwenda msibani, akakaa nyuma kabisa na wageni.

Nilikua. Niliolewa. Nikapata mtoto wa kwanza, msichana. Kisha wakaja kupigana wenyewe kwa wenyewe, Mjerumani na Mwingereza, na mume wangu akachukuliwa kubeba mizigo. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja hivi tangu ile vita yetu. Nikarudi kwa mama na mtoto wangu, nikamkuta anaumwa. Hakuwa mzee. Miguu ilikuwa imevimba na chakula alikuwa anakisukuma pembeni. Nilimpikia samaki, akakataa. Nilimpikia mlenda, akaonja kwa heshima yangu.

Alasiri moja nilikuwa nasaga ulezi wa uji, yeye amelala kwenye mkeka karibu nami, mtoto wangu anachezea ungo. Nilikuwa nimepiga magoti pale pale, kwenye jiwe lile lile, na mtoto wangu akasimama mlangoni akaniambia, "Mama." Basi. Hakuwa na jambo, alikuwa anajifunza tu kuita. Mikono yangu ikasimama.

Nikamwambia mama yote. Nyanya tano, pilipili tatu, muhogo, kiganja. Nilimwambia nikiwa nimelitazama jiwe. Nikamwambia na korongoni pia, kwa nini sikusema. Nilipomaliza nilisubiri anipige, au alie.

"Najua," mama akasema.

"Unajua nini?"

"Unga uliobaki niliuonja ile alfajiri. Nilitaka kuwapikia uji. Nikaonja kwa kidole." Akapumua kidogo. "Nikatoka mbio. Nilitaka nimwambie baba yako abaki, au yule wa dawa amwoshe tena. Nilifika Lumemo. Niliwaona ng'ambo, wamejipanga, nilimwona yeye. Ningemwita angesikia."

Nilimgeukia.

"Wangeuliza nani kafanya," akasema. "Wote walikuwa pale, na mikuki, na hofu. Wangeuliza nani. Nilikuwa nimeshaingia majini. Nikaumwaga unga mtoni, nikarudi." Akasema tena, "Kwa hiyo mwanangu, usijisumbue. Wifi aliponiuliza sikumdanganya. Nilichagua, na mdogo wako akalipia."

Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba risasi hazikumwuliza mtu amekula nini. Mume wa shangazi alikula ugali mkavu siku zote sita, na amelala kule Mahenge na baba. Najua hayo, na naamini mama naye alikuwa ameyajua kwa namna yake. Lakini kujua ni jambo moja. Yeye alikuwa amesimama majini miaka kumi na moja akimtazama mume wake anaondoka, na akajiambia kila siku kwamba alimtuma kufa bila habari.

Ndipo nikagundua kwamba nina kitu ambacho yeye hana.

"Baba alijua," nikamwambia.

"Alijua nini?"

"Alipata mbegu ya nyanya. Aliitazama, akanitazama mimi. Yule kijana alipokohoa, baba akasema ugali ni wa moto. Akala wote."

Mama akajaribu kuinuka, nikamshika mgongo. "Uliniambia ameshiba," akasema. "Bakuli ulilirudisha limeoshwa."

"Nililiosha mtoni. Niliogopa. Lakini hakukuwa na cha kuosha, mama. Alikuwa amelifuta."

"Amelifuta?"

"Kwa kidole. Alizungusha mpaka likang'aa. Akaniambia niseme ameshiba sana."

Sijui niseme alilia au alicheka. Mwili wake ulitikisika mikononi mwangu na hakutoa sauti, na mtoto wangu akaacha ungo akaja kumtazama usoni. Muda ulipita. Kisha akaniambia, kwa sauti yake ile ya zamani ya kunituma, "Nyanya zipo?"

"Zipo."

"Choma. Na pilipili usinibanie."

Nilizifukia kwenye majivu. Nilichuma pilipili kwenye uzio, nikatafuta kigae cha kusagia, maana sikuthubutu. Akaniuliza natafuta nini. Akasema jiwe liko pale. Nikapiga magoti, chumvi kwanza, kisha pilipili, kisha nyanya moja moja, yeye akinitazama na kunikosoa, mkono mzito, mkono mwepesi, hiyo mbegu hujaiona? Karanga mwisho. Alikula na samaki, kidogo kidogo, jasho likamtoka, na alipomaliza alilifuta bakuli kwa kidole. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote.

Nikachukua maji ili nilikoshe jiwe.

"Liache," akasema.

Asubuhi nilisagia ulezi juu yake lilivyo. Nilimpikia uji, nikamnywesha kwa kata. Alipoonja alifumba macho, akashika kata kwa mikono yake mwenyewe, akanywa mpaka mwisho. "Mwambie nimeshiba," akasema. Sikumwuliza nimwambie nani. Siku mbili baadaye alifariki.